Mwanamina na Ndoa za Jukwaani

Asubuhi ile ya Alhamisi Mwanamina alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, na huku anagombana na mume asiyekuwapo. Anasema neno la mke kwa sauti yake, kisha anakaza koo anajibu kama mwanamume. Gharibu, mumewe, alikuwa kibarazani na chai yake. Hakugeuka. Miaka kumi na tisa alikuwa amezoea kusikia ndoa za watu zikivunjika jikoni kwake kabla chai haijapoa.

"Baba Faudhia," akamwita, "mwanamume aliyefumaniwa anasemaje?"

"Nitajuaje mie?"

"Jibu lake ndilo hilohilo," akasema, akaendelea kukuna.

Jumamosi kichwa kilimuuma. Jumapili wakamzika. Gharibu hana mengi ya kusema juu ya siku hizo.

Watu wa Kibiti walimjua Mwanamina kwa banda lake. Alizaliwa Mbwera, kule visiwani, akaolewa huku bara hamjui mtu. Banda lilikuwa nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga: kuta za makuti, jukwaa la mbao juu ya magogo ya mikoko, viti vya kuazima. Kila Jumamosi baada ya alasiri, mchezo wa nusu saa: mke, mume, na kinachowatafuna.

Alikuwa kungwi, hivyo ndoa nyingi za mji alizijua tangu siku ya kwanza. Lakini hakumwaibisha mtu. Kabla ya kuchezesha jambo lako alikufuata nyumbani, akakuomba ruhusa, akabadili jina, akabadili kijiji, hata mpunga wako akaufanya muhogo. Wapo waliokuja bandani wamenuniana, wakarudi wamepanda pikipiki moja.

Alikuwa na masharti mawili. Mke na mume wa kweli hawachezi pamoja. Na neno la talaka halitamkwi jukwaani. Mume akifika hapo, anakunja mkeka wake anatoka.

"Neno hilo halina mchezo," aliwaambia waigizaji wake. "Hata ukilisema unacheka, limepita."

Mwaka wa nne wa banda, Shaabani, aliyekuwa acheze mume, alikwama Mbwera. Maji yamekupwa, boti imekaa kwenye tope. Na watu wameshajaa. Mwanamina, ndiye mke siku hiyo, akavunja sharti lake la kwanza, akamtazama mumewe.

"Utakaa, utanuna, utakunja mkeka. Hayo si unayaweza?"

Gharibu akakaa, akanuna. Ila mbele ya watu hakuwa mtu wa kujiweza, na wanawake wa viti vya mbele walimwona.

"Mwanamume gani huyu, kameza ulimi?"

"Mpeni maji huyo, mume wa kuazima."

Mkeka ukamponyoka. Asijue la kufanya, akasema lile analosikia wanaume wakilisema wakishindwa.

"Mama Faudhia, nimekuacha."

Halikuwa jina la mchezoni. Lilikuwa la nyumbani kwao. Mwanamina akaumaliza mchezo peke yake, maneno yake na ya mume, hadi mwisho, watu wasiondoke na nusu.

Gharibu akaenda moja kwa moja kwa Shehe Tamimu, naye hakuzunguka. "Talaka haina mzaha, Gharibu. Moja imepita. Lakini eda ndiyo kwanza inaanza, na ndani yake unaweza kumrejea. Tamka kuwa umemrejea, na mashahidi wawepo."

Gharibu akarudi mbio. Akamkuta mkewe ameshahamishia godoro chumba cha binti yao.

"Shehe kasema naweza kukurejea hata sasa hivi."

"Kisheria unaweza," Mwanamina akasema. "Mie hapa sitoki, eda nitaikaa humuhumu. Ila umeniacha mbele ya watu mia. Ukinirejea uvunguni, sokoni nitapitaje?"

"Sasa unataka nini?"

"Palepale. Jumamosi."

Afadhali angemwambia avuke mto kwa miguu. Wiki nzima Gharibu alikwenda shamba akaiambia mihogo maneno yale, na hata mbele ya mihogo aliyakosea. Angeweza kuita mashahidi wawili barazani, akamaliza. Hakutaka mke wa kisheria. Alimtaka Mwanamina aridhike.

Jumamosi akapanda jukwaani kabla ya mchezo. Bi Kijakazi, jirani yao, akamrushia kutoka mbele, "Angalia, mwanangu, usije ukakosea ukatoa ya pili."

Watu wakacheka. Gharibu hakucheka. Alishika nguzo, akatazama upande wa pazia.

"Mama Faudhia. Mwanamina, mke wangu. Nimekurejea. Mashahidi ni hawa wote."

Vichwa vyote vikageukia pazia. Mwanamina alikuwa amesimama pale, kashika upindo wa kanga mdomoni, macho yamelowa. Akaushusha upindo, akasema kwa sauti ileile ya kazi yake, ya kufika viti vya nyuma:

"Nimesikia, Baba Faudhia. Sasa shuka, unawaziba watu."