Siku Niliyoliacha Dungu

Nimefika Didia jana mchana na begi moja la nguo na bati langu la kriketi, na tafadhali usiniulize mtu anayekuja kupumzika kwao anabeba bati la nini. Huku hakuna wa kunirushia mpira. Mama alilitazama, akaliegemeza ukutani karibu na majembe, akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula, ingawa sikuwa nimekula, nikapita nyuma ya nyumba kwenda kuyaona majaruba yetu ya mpunga. Nikakuta viwanja vimepimwa. Mawe ya mipaka yameandikwa namba kwa rangi nyekundu, na katikati ya lile jaruba kubwa kuna msingi wa nyumba ya mtu nisiyemjua.

Ngoja nikueleze kilichonileta, maana wewe ni mtu wangu. Kazi yangu ni kriketi, na katika kriketi kazi yangu ni kupiga. Nasimama mbele ya vijiti vitatu, mtu ananirushia mpira mgumu wa ngozi, nami nahakikisha haugusi vile vijiti, na nikiweza nautuma mbali ili nikimbie niipatie timu mikimbio. Vijiti vikiguswa, umetoka, unakwenda kukaa. Mechi nne zilizopita nimetoka bila mkimbio hata mmoja. Nne, ndugu yangu! Kocha ameniambia imebaki moja, Jumamosi hii, na nikitoka tena vilevile nifungashe vitu vyangu. Sijui kazi nyingine. Ujana wangu wote niliumaliza kujifunza jambo hili moja, na sasa mikono imelikataa.

Watu hudhani kupiga nilijifunzia Dar es Salaam. Nilijifunzia hapa, juu ya dungu, kabla sijajua kwamba duniani kuna kitu kinaitwa kriketi.

Dungu letu lilikuwa jukwaa la miti minne na paa la nyasi, limesimama katikati ya mpunga. Mpunga ulipoingia kwenye maziwa, yaani punje bado laini na ukiibinya kwa ukucha inatoa maji meupe, kila nyumba ilimpandisha mtu dunguni. Ndege wale wadogo, kwelea kwelea, wanayapenda yale maziwa kuliko kitu chochote. Walikuja kutoka kwenye migunga kundi zima, na mvumo wao uliusikia kabla hujawaona. Kutoka dunguni zilitoka kamba kwenda pembe zote za jaruba, zimetundikwa makopo na utepe wa kanda za redio zilizokufa. Ukivuta, shamba zima linapiga kelele. Mkononi ulikuwa na kombeo, na miguuni rundo la vidonge vya udongo vilivyokaushwa juani. Ukiongeza harufu ya tope na vilio vya watoto wa madungu mengine, kila mmoja anatukana ndege wake, basi umeijua jioni yangu ya kila siku. Asubuhi alilinda Bibi, mama yake Baba, na nikitoka shule nilimpokea mpaka jua lizame.

Bibi ndiye kocha wangu wa kwanza, na hakuna aliyemfikia mpaka leo. Aliniletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa ya mgando, lakini alinikataza kula nikiwa nimekaa. Alisema mlinzi akikaa, macho nayo yanakaa. Alinifundisha kutompigia kelele kila ndege anayepita. Wale wawili watatu wanaotangulia wanakuja kukuchokoza tu, ukiwamalizia sauti na udongo wako, kundi litakukuta mikono mitupu. Waache wapite. Na kundi likija, usilitazame lote, utachanganyikiwa. Mtazame yule wa mbele, mtazame tangu anapotoka mtini, maana atakapogeuka yeye ndipo watakapogeuka wote. Na ukikosa, umekosa. Usisimame kulia, wengine wako njiani.

Nilipokuwa darasa la sita akaletwa mwalimu wa mazoezi, kijana mwembamba aliyechezea kriketi chuoni. Alichongesha bati kwa fundi seremala, akachomeka vijiti vitatu uwanjani, akatuita tujaribu. Wenzangu walipiga kama wanaua nyoka. Mimi niliuacha mpira wa kwanza upite, na wa pili, kwa sababu haukuwa unakuja kwenye vijiti vyangu. Wakanicheka. Wa tatu ulikuja moja kwa moja kwenye vijiti, nikautandika ukaenda mpaka kwenye choo cha walimu. Mwalimu akasogea.

"Nani amekufundisha kusubiri?"

"Bibi, mwalimu. Shambani."

Akacheka mpaka akashika tumbo. Alidhani namtania.

Sasa sikiliza. Walialikwa watoto wa shule ya jirani tushindane nao, na Mwalimu akaniweka mpigaji wa kwanza. Siku hiyo hiyo Bibi alikuwa na matanga kwa majirani. Aliniona nikija njiani na sare yangu, nikampungia mkono, akashuka, akajifunga kanga, akaondoka. Nilipanda dunguni. Nilisubiri mpaka amepotea nyuma ya ua wa minyaa. Ndege walikuwa kimya na jua lilikuwa bado juu. Nikajiambia ni saa moja tu, nikashuka, nikakimbia.

Sijawahi kupiga tena kama nilivyopiga siku ile. Nasema hivyo nikiwa nimecheza mbele ya watu wengi na kwenye nyasi zilizokatwa kwa mashine. Kila mpira niliuona tangu kwenye vidole vya aliyeurusha. Walibadilishana warushaji wote, hata yule mkubwa wao aliyeanza kuota ndevu, na hakuna aliyenitoa. Nilivilinda vile vijiti vitatu mpaka mechi ikaisha, nikabebwa mabegani, nikarudi nyumbani naimba.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni masuke. Mpunga wenye punje unainama. Wa kwetu ulikuwa umesimama wima jaruba zima, mwepesi, unayumba na upepo. Baba alikuwa juu ya tuta, amelishika suke moja analisugua kiganjani, na kiganjani hapakubaki kitu ila makapi. Bibi naye alikuwa ndiyo anafika kutoka matangani. Alinitazama, akaitazama sare yangu yenye vumbi la uwanjani, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Ni mimi. Nilimwambia mtoto abaki shuleni, ningerudi mapema kulinda. Usingizi umenipitia matangani."

Baba hakuwa mtu wa kumpandishia sauti mama yake. Siku ile pia hakupandisha. Alisema taratibu, "Mayu, umetuua," akaingia ndani.

Wiki iliyofuata akaondoka kwenda machimboni, upande wa Geita, ng'ambo ya Runzewe, yeye ambaye maisha yake yote alijua jembe na ng'ombe tu. Alituma mahindi mara kadhaa. Miaka minne baadaye alirudi na kifua. Alikohoa vumbi la mawe mchana kutwa, na jembe hakulishika tena. Na katika nyumba ile ndogo, ambamo hata paka akipita lazima akuguse, Baba hakuongea na mama yake ila pale ilipobidi. Alimwamkia. Alimpokea sahani. Basi.

Nilimfuata Bibi jikoni nikamwambia nataka kumweleza Baba ukweli. Alikuwa anachambua mlenda, wala hakuinua kichwa. "Mwache," akasema. "Mimi nimemzaa, mimi atanisamehe. Wewe hatujui."

Hakumsamehe. Baba alikufa hajamsamehe, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda, nimefunga mdomo.

Lakini kuna kitu kingine nimekiruka. Kesho yake baada ya ndege kula, nilipotoka shule nilipanda dunguni. Na kesho kutwa. Nilivuta kamba, nikarusha udongo, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka, juu ya makapi. Watoto wa madungu mengine walinyamaza kunitazama, kisha wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Siku ya sita Bibi alipanda, na magoti yake yale mabovu, akanishika mkono wenye kombeo. "Shuka, ng'wana wane. Mpunga hakuna." Nikashuka.

Huo ndio ufundi wangu, rafiki yangu. Waandishi wameusifu, makocha wamewaambia wasichana wadogo wauige. Wanauita subira. Wanasema nina moyo mtulivu, naweza kusimama siku nzima, sishawishiki na mpira unaopita nje ya vijiti. Ule haukuwa utulivu hata siku moja. Ulikuwa woga. Niliapa sitatoka tena mahali nilipowekwa kulinda, na kila mpira nilioupiga kwa miaka yote hii niliupiga kwa woga huo, nikijua nyumbani kuna mwanamke mzee aliyebeba kosa langu na angalau nisimwaibishe.

Bibi amefariki mwaka huu. Siku tatu baada ya mazishi nilicheza, nikatoka kwenye mpira wa kwanza. Si kwamba siuoni. Nauona tangu mkononi, nauona unavyozunguka, najua pa kuweka mguu. Kisha ndani yangu kuna mtu anauliza, unalinda nini sasa? Nikigeuka kumjibu, vijiti vimelala.

Nilikuja nikidhani nitapanda dunguni mara moja, nivute kamba hata kidogo, labda kitu kitarudi. Dungu halipo. Hata migunga waliyolala wale ndege imekatwa ikachomwa mkaa. Mama anasema watoto wa siku hizi hawajui hata kombeo ni nini.

Basi leo asubuhi nikaenda makaburini. Wamezikwa karibu karibu, mama na mwanawe, mtu mmoja anaweza kupita katikati. Nilisimama upande wa Baba nikamwambia, kwa sauti, ili isiwe nimesema moyoni nikajidanganya. Nikamwambia ni mimi niliyeondoka, Bibi hakulala, nilikwenda kucheza. Nikamwambia nilicheza vizuri sana. Kisha nikangoja. Nilingoja muda mrefu mpaka jua likaanza kuniuma shingo, na nilipojitazama nikaona nimeachanisha miguu, magoti nimeyakunja kidogo, mikono yote miwili iko mbele imeshikana kama imeshika bati, na macho nimeyakaza pale kwenye udongo wa Baba.

Hakikuja kitu.