Banda Tupu, Tangi Tupu

Mwaka ule tulikula ming'oko. Wenzangu wa Newala, mliokuwa wadogo pamoja nami, hamhitaji niwatajie tarehe. Mtama ulikauka ungali umesimama shambani, muhogo ukaisha, tukaingia porini na majembe kuchimba ile mizizi myembamba. Asubuhi ming'oko na chumvi, jioni ming'oko bila chumvi. Leo naiona inauzwa kando ya barabara, vijana wanaimenya wakicheka, eti ya kupotezea muda garini. Sisi ilitubakiza duniani.

Nyumba yetu ilikuwa ukingoni kabisa, pale unapoliona bonde la Ruvuma lote, na maji yako huko huko chini. Tulishuka alfajiri, tukapanda jua likiwa utosini, ndoo kichwani, shingo imeingia mabegani. Kwa hiyo maji hayakumwagwa ovyo. Yaliyoosha mboga yaliosha miguu, yaliyoosha miguu yalipewa mpapai. Mpaka leo bomba likivuja siwezi kukaa, nainuka nikalifunge.

Tulikuwa na kuku saba. Mayai yao hayakuwa yetu, yalikuwa ya mdogo wangu Salima, aliyetoka kuugua surua akabaki macho tu na miguu kama vijiti. Kila siku yai moja. Sisi wengine tulikula harufu. Kisha viroboto wakaingia bandani, wale weusi wadogo wanaojibandika kichwani mwa kuku kuzunguka macho mpaka haoni.

Mama alifanya kama watu wa kwetu walivyofanya. Alitoa kuku wote, akawapaka vichwani mafuta ya nyonyo yenye majivu. Akachoma nyasi kavu ndani ya banda, akamwaga majivu, akafunga mlango kwa kamba. Kuku wakahamia jikoni, tulikolala watoto.

"Msirudishe hata mmoja," alisema. "Kiroboto hafi kwa moto wa siku moja. Yumo mchangani anawangoja. Tukimnyima kuku, njaa itammaliza. Njaa haishindwi na kitu, si mnaiona?"

Enzi zetu mama akisema, limekwisha. Lakini mimi nilichoka. Kuku walitunyea mkekani, jogoo akasimama kifuani pangu akawika kama yuko juu ya kichuguu. Nikachungulia bandani: jeupe, safi, hakuna kinachotembea. Mama alipokwenda Lulindi kwa dada yake kuomba muhogo, akakaa huko siku nne, nikafungua ile kamba. Niliwarudisha wote saba. Nikafagia jiko vizuri, nikingoja kusifiwa.

Mama aliporudi, kuku wawili walikuwa wamekwisha kuwa vipofu. Aliwatoa tena, akawapaka tena. Wakafa mmoja mmoja, wote. Salima akala ming'oko kama sisi. Hakufika mavuno.

Mama hakunipiga. Hata kuniambia ni wewe, hakuniambia. Afadhali angenipiga.

Sasa naishi Masasi kwa mjukuu wangu Zuhura, mwenye nyumba ya wageni. Sebuleni kaweka tangi la kioo lenye samaki wa baharini, wa rangi ya machungwa, wa bluu, wenye mistari. Hawaliwi. Niliuliza siku ya kwanza, akacheka mpaka akakaa chini. Maji ya chumvi yanaletwa kwa madumu kutoka Mtwara. Mimi niliyebeba ndoo najisemea, ndiyo dunia yao.

Kama miezi miwili iliyopita samaki wakaugua. Wakatoka vidoa vyeupe kama wamenyunyiziwa chumvi, wakawa wanajisugua kwenye mawe na kuhema mbiombio. Watano wakafa. Zuhura alilia kama kafiwa. Akasoma kwenye simu yake, akaja kunieleza: ni vidudu. Vinanyonya samaki, vinadondoka mchangani, vinazaana, vinarudi na ndugu zao. Basi samaki wote watolewe, wawekwe kwenye mabeseni yenye dawa ya shaba, na lile tangi likae bila samaki miezi miwili na nusu. Vidudu vikikosa wa kumnyonya, vitakufa.

Makubwa haya! Maneno ya mama yangu, yametoka kwenye simu.

Nikamwambia mabeseni yakae chumbani kwangu. Niliishia darasa la tatu, lakini siku nazihesabu kwa mkaa ukutani, mstari mmoja kila asubuhi. Maji nawabadilishia mwenyewe. Mlango naufunga, ufunguo uko pindoni mwa kanga yangu.

Jana Zuhura kaja anapiga magoti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Leo adabu imetoka wapi?"

"Jumamosi kuna harusi hapa. Walichagua kwangu kwa ajili ya tangi. Nipe wawili tu, wale wa machungwa. Wamepona bibi, hawana hata doa."

"Mistari bado kumi na tisa."

"Njoo ulione tangi basi! Linang'aa!"

"Hata banda la mama liling'aa."

Akaniuliza banda gani. Hapo ndipo nikamweleza habari za Salima, ambazo sikuwahi kumweleza hata mama yake. Kisha akasema taratibu, "Lakini bibi, hawa ni samaki."

Ni kweli, ni samaki. Sijazeeka kiasi cha kutojua tofauti ya samaki na mtoto. Zamani tulifunga banda kwa kamba, na kilichotungoja ndani kilikuwa kifo cha mtu. Siku hizi wanafunga kioo, na kinachongoja ni picha mbaya ya harusi. Wana dawa, wana umeme, wana simu inayojua kila kitu. Wanachokosa ni kile kile nilichokosa mimi pale jikoni na jogoo kifuani: kuvumilia kuona mahali safi pakikaa patupu.

Nilimjibu hivi: "Sirudishi hata mmoja mpaka siku zitimie."

Leo asubuhi nimechora mstari mwingine. Zuhura kagonga mlango tena, safari hii na bwana harusi mwenyewe, kavaa miwani, kashika soda yangu mkononi. Wameniamkia wote wawili. Nimeipokea soda. Nimeshika pindo la kanga.

"Sirudishi hata mmoja mpaka siku zitimie."