Sketi Yenye Pini

Iko siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo sijaisahau, ingawa siku hizi nasahau hata nilipoweka miwani. Mdogo wangu Editha alirudi nyumbani kwetu Kawajense asubuhi, wakati wenzake ndio kwanza wanaingia darasani. Akavua sketi ya shule, akaitupa kitandani, akajifunga kitenge.

"Kaka, siendi tena shule," akasema. "Ukitaka nipige."

Sikumpiga. Jana yake nilikuwa kwenye kibarua cha kupalilia mpunga Mwamkulu, mgongo ulikuwa haunyooki. Wazazi wetu walishafariki wote wawili, nami nikaacha shule darasa la sita ili Editha na Deo, mdogo wetu wa mwisho, wasome. Kwa hiyo aliposema haendi tena, niliona kama kila kibarua nilichofanya kimekwenda bure.

Sketi ile tulipewa na kikundi cha huduma cha kanisa, watu wanaojitolea kugawa nguo zilizotolewa sadaka. Zipu yake ilikuwa mbovu, nikaibana kwa pini. Asubuhi ile mstarini, wakati wa wimbo wa taifa, pini ikafunguka na sketi ikateremka. Shule nzima ikacheka. Kuna aliyepiga kelele, "Msaada umeanguka!"

Nikaichukua sketi nikaenda nayo moja kwa moja stoo ya kanisa. Kiongozi wa kikundi alikuwa Bibi Domitila, mama aliyekimbia kutoka Burundi na mtoto mgongoni akiwa bado kijana, akazeekea huku kwetu. Nilimkuta yeye na wenzake wawili wamekaa juu ya magunia ya nguo, wamechoka. Zilikuwa siku za kufungua shule, na watu walikuwa wakijaa pale mlangoni tangu asubuhi mpaka jioni.

"Hata shikamoo hakuna leo?" Bibi akauliza.

"Shikamoo ya nini? Mmemvua nguo mdogo wangu mbele ya watu!"

Nikamtupia sketi mapajani. Mmoja wa wale mama akaja juu. "We kijana, umepewa bure halafu unakuja kututukana? Si ungenunua dukani!"

Bibi akainua mkono, yule mama akanyamaza. Akaigeuza sketi, akavuta zipu, ikaachia.

"Hii nani aliitoa?"

Kisha yule yule mama akasema taratibu, "Mimi, Bibi. Zipu niliiona. Lakini watu walikuwa wengi, nikasema acha iende."

Maana Bibi alikuwa na sheria yake. Nguo haitoki stoo mpaka ifuliwe, itazamwe vifungo na zipu, na ishonwe penye kasoro.

"Na pini aliweka nani?"

"Mimi," nikasema. "Nilitoka kibarua, nilikuwa nimechoka."

"Haya. Mwenzako alichoka, wewe ulichoka, mimi nilichoka nikaacha kukagua. Mtoto ndiye aliyepelekwa mstarini na uchovu wetu wote." Akanitazama, akawatazama na wenzake. "Mimi nilipofika kule kwenye makazi ya wakimbizi nilipewa koti halina hata kifungo kimoja. Mkono mmoja umeshika koti, mwingine umeshika mtoto. Kuni nizibebe kwa meno?"

Tulicheka kidogo, hata yule mama. Bibi hakucheka. Aliinuka akaenda mlangoni, akawaambia waliosubiri nje kwamba leo hatutoi kitu, tumechoka, warudi kesho. Wakanung'unika sana. Akafunga. Akabandua zipu nzima kwenye suruali iliyochanika, akaishona kwenye sketi ile kwa mkono, polepole, akisogeza kitambaa karibu na macho. Kisha akasema, "Twende kwenu."

Njiani alipumzika mara nyingi. Tulipofika, Editha akajificha ndani. Bibi akasimama mlangoni.

"Editha, nimekuja kukuomba radhi."

Sikuwahi kusikia mzee akimwomba mtoto radhi. Editha akatoka machozi yakimtoka. "Bibi, usiseme hivyo, utaniletea mkosi."

"Basi vaa tuone."

Akavaa.

"Ruka." Akaruka. "Tena!" Deo naye akaanza kuruka, hakuna aliyemwambia. Zipu ikashika.

"Kesho watanicheka tu," Editha akasema.

"Watakucheka, ndiyo. Nikusindikize?"

"Hapana, Bibi! Ukija wewe ndio watacheka zaidi!"

"Basi nimekwisha!" Bibi akasema, na Editha akacheka huku anafuta pua.

Kesho yake alikwenda. Mimi sikwenda kibarua. Nilikaa mkekani nikitazama njia, nikingoja kumwona anarudi. Jua likapanda, hakurudi. Wakati wa uji ukapita, hakurudi. Nikapitiwa na usingizi pale pale, usingizi ambao sikuwahi kulala tangu tumzike mama.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda stoo kuomba sindano, na mpaka leo sijatoka. Wewe mwanangu umejiunga nasi juzi tu, na Jumamosi ulinikasirikia nilipozuia lile gunia la nguo ambazo hazijakaguliwa, ukasema, "Mzee, watu wako juani, tuwape tu hivyo hivyo." Nakuelewa. Nami nimechoka, sikufichi. Magunia hayaishi, shida haziishi, na macho yangu hayaoni tena tundu la sindano. Kuchoka si dhambi. Lakini ukichoka, sema umechoka. Funga mlango, uwaambie watu ukweli, wakinung'unika wanung'unike, urudi kesho. Usipitishe kitu kibovu kwa sababu anayekipokea hana sauti ya kukirudisha. Ukikosea, mfuate nyumbani kwake umwombe radhi, hata kama ni mtoto. Na ukija kulaumiwa na mtu mwenye hasira, tazama kwanza alichoshika mkononi.

Mungu akupe nguvu ya mgongo na upole wa ulimi. Awalinde wadogo zako wote. Na siku utakapokuwa wewe ndiye unayenyoosha mkono kuomba, akukutanishe na mtu aliyepumzika.