Mtoto wa Kwanza wa Sheluvumo

Sefania wa Malindi, ile ya milimani Usambara, alikuwa na kijiba cha roho, na kijiba hicho kilikuwa na jina: Nathanaeli. Walikuwa watu wa ukoo mmoja, mashamba yao ya kabichi yamepakana, wote wazee wa Kanisa la Kilutheri. Lakini Nathanaeli akipita sokoni Lushoto, watu walisema, "Huyo ndiye mjukuu wa Sheluvumo," kana kwamba Sefania kaokotwa njiani.

Sheluvumo alikuwa babu yao wa saba. Alipanda milimani kutoka nyikani miaka mia mbili nyuma, akawakuta watu na mashamba yao, akajifanya bwana wao. Unyang'anyi mtupu, ukiniuliza mimi. Lakini wajukuu hujivunia chochote.

Basi mwaka 1972 afisa utamaduni alipotaka historia za koo ziandikwe, Sefania aliidaka kazi kabla hajapewa. Miezi mitano alizunguka Mlalo, Vuga na Bumbuli, daftari kwapani, akiwahoji vikongwe. Nathanaeli alibaki kwake akipalilia, na bado watu walimsifu yeye. Sefania aliumia mpaka akakonda.

Jibu la nani mkubwa katika ukoo alilipata Bumbuli, kwa bibi Mwanamisi, aliyehesabu majina ya ukoo kwa vidole bila kukosea.

"Sheluvumo alikuwa na wana wawili," alisema. "Mkubwa ndiye aliyewazaa kina Nathanaeli. Ninyi ni wa mdogo, mjukuu wangu, na Nathanaeli ni kaka yako hata ukimzidi miaka. Mbona umenuna? Kula viazi."

Sefania alisukuma sahani kando. Jasho lote lile, kumbe alikuwa akimtafutia Nathanaeli ukubwa! Aliporudi nyumbani aliandika kwamba mtoto wa kwanza wa Sheluvumo alikufa bila kuzaa, na kwamba kina Nathanaeli ni wageni waliopokelewa tu. Daftari likapigwa muhuri wilayani, likasomwa mbele ya kijiji kizima. Watu walitazamana, ila muhuri ni muhuri. Nathanaeli alisikiliza, akachukua kofia yake, akaenda zake. Wiki ile Sefania alikula kwa hamu.

Miaka mitatu baadaye mshenga, mzee Abrahamu, alikuja na wenzake kumposea Mika, mwana wa Nathanaeli. Msichana aliyetakiwa ni Klara, binti wa Sefania.

"Haiwezekani!" Sefania alifoka. "Watu wa ukoo mmoja hawaoani!"

"Tunajua, mzee mwenzangu," Abrahamu alijibu taratibu. "Lakini daftari linasema hawa si wa ukoo mmoja. Vijana wamelisoma, wakapendana."

Efrazia, mke wa Sefania, alitokeza kutoka jikoni. "Baba Klara, si uliandika mwenyewe?"

Sefania angeweza kunyamaza. Ukubwa ungebaki wake, na binti yake angeolewa na ndugu yake. Na Mungu amsamehe, alipiga hesabu kwanza. Alimwona akilini Nathanaeli akiketi kiti cha mbele katika kila kikao cha ukoo. Kisha akamsikia Klara akicheka na shangazi zake chumbani, akijua yuko karibu kuolewa.

Washenga walipoondoka, aliwafuata mpaka kwa Nathanaeli. Sebule ilikuwa imejaa, Mika amevaa shati jipya. Sefania alimzidi Nathanaeli miaka minne, na tangu utoto ndiye aliyeamkiwa. Alisimama mbele yake, akavua kofia.

"Shikamoo, kaka," alisema.

Mika aliinamisha kichwa, akatoka nje.

"Marahaba, mdogo wangu," Nathanaeli aliitikia, bila hata kushangaa.