Nimemtania mkufunzi kwenye grupu la chuo, mjukuu wangu akaondolewa

Admin, nifiche jina, japo sauti yangu chuo kizima sasa wanaijua. Mimi ni mzee wa miaka sabini na kitu, Mnyamwezi wa Goweko. Shule niliishia darasa la nne, mimi na mwalimu tulichokana. Naishi Tabora mjini na mjukuu wangu anayesomea uuguzi.

Mkufunzi wao mmoja, kijana, alifungua grupu la wasapu. Jioni anatupia swali kwa sauti, wanaojibu wanapata maksi. Mjukuu anafungulia sauti huku anapika, kwa hiyo na mimi nikawa nasoma chuo bila ada. Lakini wenzake kimya! Wanasikiliza, wanapita. Siku hiyo jamaa akalalamika: "Jamani, picha za harusi mnazijibu, swali la chakula cha mjamzito hamlioni? Mimi Mzaramo nimetoka Kisarawe kuja kuongea peke yangu?"

Mzaramo! Nikasimama. Babu zetu walipobeba mizigo kwenda pwani walipita kwao, ndiyo maana sisi ni watani. Mzaramo namtukana hata msibani, naye ananirudishia, tunacheka, tunakula. Mjukuu katoka kuanua nguo, simu iko mezani. Nikabonyeza alama ya maiki: "We Mzaramo, kumbe bado unatembea? Sisi tulisikia umekufa, tunatafuta nauli tuje tuchukue kitanda! Mjamzito ale maharage na mboga za majani, na asiolewe na Mzaramo, atashindia ngoma!"

Grupu likalipuka. Mabubu wote wakaamka. "Babu rudia!" Mmoja akauliza kama maharage yanaongeza damu, mwingine akamjibu, wakabishana vizuri kabisa. Nikajiona nimemsaidia kijana wa watu. Mjukuu anaingia na nguo begani, anakuta ameondolewa.

Tukamfuata mkufunzi chuoni. "Shikamoo mzee." Na mimi mdomo huu: "Marahaba mtani, kwa maiti unaongea vizuri." Mjukuu akanikanyaga mguu. Kijana hakucheka. Kumbe Kisarawe ni asili tu, yeye kakulia Dar, utani anausikia redioni tu.

"Mzee, umenidhalilisha mbele ya wanafunzi wangu. Tuma sauti ya kuomba radhi kwa simu ya kiongozi wa darasa, bila mzaha, ndipo nimrudishe." Maksi za grupu zinafungwa wiki hii, na bila hizo binti haingii mtihani.

Nimejaribu jamani. Nikirekodi, mjukuu anasikiliza, anafuta. "Babu, hapa umecheka. Hapa umemwita marehemu."

Si kiburi. Radhi unamwomba uliyemkosea, na mtani hakosewi. Nikimwomba kwa dhati, nitakuwa nimemwambia yeye si mtani wangu, ni mgeni tu aliyeshuka stendi, na kwangu mimi hilo ndilo tusi. Nisipomwomba, binti arudi Goweko kulima tumbaku, na akili yote ile!

Tangu juzi ananiwekea ugali, anasema "karibu mzee," kama mpangaji. Huyu hajawahi kuniita mzee, siku zote ni "we kibabu." Hapo ndipo ninapoumia.

Sasa nyie mnaosoma, nipeni akili: nimwombe radhi kama mtu baki, au kuna njia nyingine kabla wiki haijaisha? Na Wazaramo mliomo humu acheni kucheka. Mwambieni ndugu yenu anitukane tu, yaishe.