Mikono ya Mama Bomba

Baiskeli ya shangazi yangu haina springi hata moja. Uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, ni chuma kitupu, na magurudumu ni makubwa hivi kwamba nilipokuwa mdogo yalinifika kifuani. Miaka kumi na tisa sasa anapanda nayo kilimani kila siku ya kazi, kwenye njia ya mawe na mizizi inayofuata bomba la maji kutoka kwenye tangi hadi mjini. Yeye ndiye mkaguzi wa bomba hilo. Watu wanamwita Mama Bomba.

Ndiye aliyenilea. Nilipomaliza chuo nilirudi nyumbani na hasira za kutosha wilaya nzima. Injinia wa maji anatembelea gari lenye kiyoyozi, shangazi yangu anatikiswa mifupa!

"Huu ni unyonyaji," nilimwambia mezani.

"Kula kwanza, mwanangu. Unyonyaji haupoi."

Mshahara wangu wa kwanza nikaununulia uma mpya wenye springi, nikaufunga mwenyewe huku yeye akinishikia spana. Hakuutaka, ila hakuwa na moyo wa kunikatalia. Aliuendesha siku nane. Ni kama kukaa kwenye kochi, alisema.

Siku ya tisa maji yakapungua mitaa ya juu. Siku ya kumi wodi ya wazazi hospitalini ikawa inachota kwa ndoo. Bomba lilikuwa linavuja mahali fulani chini ya ardhi, na shangazi alikuwa amepita njia nzima mara mbili bila kugundua kitu. Injinia akamwita ofisini.

"Mama, nakupa hadi Ijumaa. Ukikosa, njia nampa mtu wa pikipiki, wewe ukae mapokezi."

Jioni hiyo nilimkuta uani akiufungua ule uma wangu.

"Usinune," alisema bila kuinua kichwa. "Bomba likivuja, udongo wa juu unalainika kabla haujalowa. Macho hayaoni. Mikono ndiyo inayosikia, kupitia chuma. Hili kochi lako linameza kila kitu."

Nikamshikia spana.

Alhamisi asubuhi tulipanda wote, mimi na baiskeli yangu. Kule juu alipunguza upepo kidogo, akaminya tairi kama anayechagua parachichi sokoni, kisha akaanza kushuka amesimama kwenye pedali, viwiko na magoti vimelegea. Mawe yaliyonisimamisha mimi, magurudumu yake yaliyapanda na kuyaacha nyuma. Nilianguka mara mbili.

"Umeangusha digrii!" alipiga kelele. "Iokote twende!"

Chini ya kona ya pili akafunga breki. Akarudi nyuma, akapita tena, taratibu.

"Njoo upande wewe. Usibane usukani."

Nikapanda baiskeli yake. Changarawe ilinitetemesha hadi kwenye meno. Halafu, kwa urefu wa hatua kama nne hivi, mtetemo ukafa viganjani mwangu, kama nimepita juu ya godoro. Kisha ukarudi. Nilitazama chini: udongo mkavu kabisa. Shangazi akachomeka fimbo, akaisukuma kwa nguvu zote. Ilitoka na tope.

Mafundi walichimba mchana huohuo, wakakuta kiungo kimepasuka. Kabla ya jua kuzama wodi ya wazazi ilikuwa na maji. Injinia alikuja kwa miguu, viatu vimejaa matope.

"Samahani, mama. Njia ni yako."

"Najua," alijibu shangazi. "Asante kwa kupanda."

Na mimi nilikuwa na langu la kusema. Nilikuwa nikiihurumia mikono ile, nikidhani imekufa ganzi kwa ajili ya ada zangu. Kumbe inasikia maji chini ya ardhi. Nilimwambia asante, neno moja tu.

"Haya, haya. Lete baiskeli yako."

"Niuuze tu ule uma, shangazi?"

"Zawadi ya mwanangu iuzwe? Tunaufunga kwako. Wewe ndiye mwenye mifupa laini."