Kuku wa Kwanza Kulala

Nyumbani kwetu Rusimbi, mchana hatupigi kelele. Baba anavua dagaa kwa taa, anarudi alfajiri na kulala hadi alasiri, na ole wake atakayemwamsha. Ukitaka kutwanga, nenda kwa jirani. Ukitaka kucheka, hivyo hivyo.

Usiku ndio ulikuwa wangu. Kidato cha nne tulikuwa marafiki wanne, kila mmoja na simu ya kuazima kwa mama yake, na tulikuwa na grupu letu. Sheria ilikuwa moja: wa kwanza kulala ni kuku, na kesho yake anapigiwa kokoriko shule nzima isikie. Mimi sikuwahi kuwa kuku. Nilijivuna kwa hilo, mjinga mimi!

Mama aliponigombeza nilimjibu, "Mbona baba halali usiku na yuko mzima?"

Baba alisikia. "Mimi nalala mchana, mwanangu. Wewe mchana uko kwenye hesabu."

Mtihani wa majaribio ukanikuta. Nilifumba macho kidogo tu, nikaamshwa na msimamizi akivuta karatasi chini ya shavu langu. Kuanzia swali la nne palikuwa peupe. Nililia sana, maana mtihani wa taifa ulikuwa karibu na nilitaka kidato cha tano kuliko kitu chochote.

Siku hiyo, saa tatu kamili usiku, niliandika: "Mimi kuku. Nalala." Nikazima simu kabla sijabadili mawazo.

Asubuhi walinipokea getini na kokoriko. Iliniuma, lakini usiku nikalala tena saa tatu. Siku ya nne, rafiki yangu wa dawati moja aliniona nimemaliza hesabu zote yeye akisinzia. Akaninong'oneza, "We, leo na mimi kuku." Mwezi haukuisha kabla hatujaanza kugombania nani aage kwanza.

Matokeo ya mtihani wa taifa yalitoka mchana. Tuliyaona tukiwa sokoni Mwanga, tukakimbia wote wanne mpaka dirishani kwa baba, tukapiga kokoriko kwa pumzi zote.

Alitoka na shuka kiunoni, macho mekundu. "Nani amekufa?"

"Shikamoo, baba," mmoja wetu akasema kwa woga.

"Tumefaulu!" nikapayuka. "Wote wanne, na hesabu pia!"

Alitutazama mmoja mmoja. Nikangoja kufokewa. Badala yake akatuambia tupige tena, kwa nguvu zaidi, majirani wasikie.

Jioni ile baba alikwenda ziwani hajalala.